Hanadi Kaondoka na Waba

Nilikuwa nimekaa chini kwenye zulia nakunja nguo za Bibi, runinga inajisemea. Ilikuwa Muscat, mwaka wangu wa pili wa ukadama, kazi za ndani nyumbani kwa Bibi huyo, baada ya isha. Bibi alikuwa na mazoea ya kuacha chaneli ya filamu za zamani za Misri mpaka usingizi umchukue, nami nilishazoea kutoitazama. Kiarabu changu kilikuwa cha jikoni na cha sokoni, na wale watu wa nyeusi na nyeupe walikuwa wanaongea mbio. Mara nikasikia msichana analia jina la mtu. Hanadi. Alivyolilia, mikono yangu ilisimama yenyewe.

Nikainua uso. Usiku, uwanda mtupu, mwanamume kasimama, mwanamke mtu mzima kajikunyata. Bibi akapapasa rimoti ubavuni kwake akaongeza sauti.

"Wacha hizo nguo, mwanangu. Hii Doa al-Karawan. Sogea."

Bibi alizaliwa Unguja, akaondoka 1964 pamoja na wazee wake akiwa bado msichana. Kiswahili chake ni cha Mji Mkongwe wa enzi hizo, laini kuliko changu mimi wa Pangani. Siku ile tuliikuta filamu katikati, kwa hiyo Ijumaa iliyofuata akamwambia mjukuu wake aitafute YouTube, tukaitazama yote, yeye kitandani akinitafsiria, mimi chini nimeegemea godoro lake. Tangu hapo nimeirudia mara nyingi, nyumbani na ugenini, na swali langu ni lile lile la usiku wa kwanza: aliyemuua yule binti tumemwona kwa macho yetu, sasa kwa nini filamu nzima inamwinda mtu mwingine?

Kwa asiyeijua, filamu hii ilitoka 1959. Aliyeiongoza ni Henry Barakat, mtu wa Cairo, na yule anayelia gizani ni Faten Hamama. Nikisema Faten Hamama, watu wa rika la Bibi hawahitaji maelezo. Walikuwa wakienda kutazama filamu za Misri pale Majestic, Vuga, na kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, mama zao wakawaruhusu kwa sababu hiyo. Mapenzi ya Unguja na Cairo ni ya siku nyingi. Hata taarabu ilikuja kwa mlango huo, Sultani Barghash alipomtuma Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi. Kwa hiyo Bibi alimtaja Faten kama mtu anavyomtaja binamu aliyehamia mbali. Alizaliwa Mansoura 1931, akaonekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza 1940 akiwa mtoto mdogo tu, na Waarabu wakaishia kumwita Bibi wa Skrini ya Kiarabu. Ndani ya Doa al-Karawan ana miaka 28. Umbo dogo, sauti ndogo, na macho ambayo kamera ya Barakat inayarudia kila inapotaka kutuambia kwamba kuna jambo linapangwa.

Kisa chenyewe kimetoka kwenye riwaya ya Taha Hussein ya 1934. Mama mmoja na mabinti zake wawili, Hanadi mkubwa na Amna mdogo, wanafukuzwa kijijini kwao, Bani Warkan, kwa sababu baba yao alikuwa mtu wa wanawake na akauawa kwa ajili hiyo. Aibu ni ya marehemu, lakini wanaotoka na mabegi ni mkewe na mabinti zake walio hai. Anayewafukuza ni mjomba, ndugu wa mama. Wanafika mji wa mbali, hawana mtu, wanatafuta kazi za ndani. Amna anapata kwa mamuri, mkuu wa serikali wa pale, anakuwa kama mwenzake binti wa nyumba, Khadija, na kwa Khadija anapata kusoma. Hanadi anapata kwa mhandisi wa umwagiliaji, kijana, anaishi peke yake.

Nilipofika hapo mara ya kwanza nilisema kwa sauti, "Peke yake?" Bibi akacheka. Mimi sikucheka, maana kazi za ndani nazijua, na nyumba ya mwanamume anayeishi peke yake ni kazi ambayo mama mwenye akili hampeleki binti yake. Mama yao alikuwa na akili. Alikosa pa kumpeleka pengine.

Mhandisi anamharibu Hanadi. Mama anapojua, anawatoa mabinti mjini haraka, usiku kama wezi. Kwenye kitabu mama huyo huyo ndiye anayempelekea kaka yake habari aje awachukue. Mjomba anakuja. Njiani kurudi kijijini, katikati ya uwanda usiku, anasimamisha safari na kumuua Hanadi mbele ya mama yake na mdogo wake. Ndege analia. Kisha mjomba anawaagiza la kuwaambia watu. Ni maneno machache, na Wamisri wameyafanya msemo, wanayatumia mpaka leo kwenye mazungumzo ya kawaida: Hanadi kaondoka na waba.

Waba. Neno hilo tunalo. Wazee wetu wa pwani waliliita hivyo hivyo gonjwa la kuhara linalofagia mtaa mzima. Bibi hakuhitaji hata kulitafsiri.

Nitalirudia neno hili. Kwanza ndege.

Jina la filamu ni dua ya karawan. Waliolipeleka kwenye lugha za Kizungu mara nyingi wameandika ndege mwingine kabisa, yule wa bustani mwenye sauti tamu, na mtu akishaamini hivyo anaingia kwenye filamu akitarajia mahaba. Karawan ni ndege wa ardhini, miguu mirefu, macho makubwa ya manjano, mchana anajibanza kwenye mchanga usimwone, mayai anataga chini bila hata kiota. Usiku ndipo anapolia, mlio wa juu unaokimbia kisha unavunjika. Wamisri wanasema analia al-mulk lak, lak, lak: ufalme ni wako, wako, wako. Ndiyo maana kwao mlio ule ni dua.

Nilipomuuliza Bibi kwetu anaitwaje, alifikiri kidogo, akasema, "Huyu si chekeamwezi?" Na kweli ndiye, au ni ndugu yake wa tumbo moja, jamaa hao wako pia kwenye kingo za mto kwetu. Mimi nimekua namsikia. Utotoni tulikuwa tunaambiwa anauchekea mwezi, tukawa tunamwigiza tukipita njia ya minazi. Mlio mmoja, Mmisri akasikia mtu anamwomba Mungu, babu zangu wakasikia kicheko. Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Msichana anachomwa kisu uwandani, shahidi pekee asiye wa ukoo ni ndege, na kumbe hata ndege huyo inategemea nani anamsikiliza.

Taha Hussein alimsikiliza kuliko watu wengi, kwa sababu alikuwa kipofu. Alipoteza macho akiwa mtoto mdogo, kijijini mkoa wa Minya alikozaliwa 1889, akasoma Al-Azhar, akaenda Paris, akarudi kuwa mtu mkubwa wa maandishi ya Kiarabu na baadaye waziri wa elimu. Riwaya hii aliitoa zawadi kwa rafiki yake Abbas al-Aqqad, mshairi aliyekuwa ametunga diwani ya karawan. Akamwambia kwa adabu kwamba yeye al-Aqqad amemjengea ndege huyu makao katika ushairi, basi amruhusu mwenzake amtengenezee kiota kidogo katika nathari. Ukijua kwamba aliyeiandika hakuwa anaona, mauaji ya Hanadi yanabadilika. Yote ni sauti: hatua, pumzi, ukelele, kisha ndege. Barakat alikuwa na kamera na angeweza kutuonyesha damu. Aliheshimu sikio la mwandishi. Mpaka leo nikikumbuka tukio lile nalisikia kabla ya kuliona.

Amna anabaki hai. Anatoroka kutoka kwa mjomba, anarudi mjini, na anaapa atalipiza. Hapa ndipo filamu inapokuwa ya mashaka kweli kweli, ile ya kukaza misuli ya shingo. Kwanza anahakikisha posa ya mhandisi kwa Khadija inavunjika, maana mtu huyo alikuwa tayari kuoa binti wa mamuri kama vile hakuna kilichotokea. Halafu anakwenda kuomba kazi ndani ya nyumba ile ile. Kazi ile ile aliyoifanya dada yake.

Sijawahi kuona filamu nyingine inayojua kazi za ndani kama hii. Watu wanadhani filamu ya mashaka lazima iwe na magari yanafukuzana. Hapa kuna nyumba moja, watu wawili, trei ya chai, kitanda cha kutandikwa, funguo, taa ya kuzimwa. Mwenye nyumba anadhani amempata msichana mwingine. Msichana anajua kila kitu kuhusu mwenye nyumba. Anamjua kwa namna ambayo mfanyakazi wa ndani peke yake anaweza kumjua mtu: nguo zake chafu, saa anayorudi, anakunywa nini, anasimama wapi akiwa na hasira. Mhandisi anajaribu mara ya kwanza, Amna anakataa. Anajaribu tena, anakataa. Anamfokea, anambembeleza, anamwacha, anarudi. Amna anagundua kwamba kukataa huko ndiko silaha. Mtu huyu hajawahi kukataliwa na msichana wa jikoni, na jambo hilo linaanza kumla.

Naomba niseme hapa jambo langu, kwa sababu bila hilo sitaeleza kwa nini nilimwelewa Amna haraka hivyo.

Kabla ya Muscat nilikuwa hausigeli Dar es Salaam. Nilipelekwa na shangazi nikiwa na miaka 16, nyumba moja ya watu wanaojiweza, sitaitaja. Chumba changu kilikuwa stoo ya zamani nyuma ya jiko. Komeo lilikuwa nje. Nimeandika sawasawa, nje. Ndani hapakuwa na kitu, hata msumari. Wiki ya pili nikasikia hatua usiku, zikasimama mlangoni kwangu, zikakaa, zikaondoka. Usiku wa tatu yake zikarudi. Hapo nikachukua sufuria kubwa la pilau, lile la aluminiamu lenye mfuniko, nikalisimamisha nyuma ya mlango, mfuniko juu yake umekaa upande, kijiko cha upawa juu ya mfuniko. Mlango ukisogea hata inchi moja, nyumba nzima inaamka. Kila usiku nilipanga vyombo vile kama mtu anayetega mtego wa kanga, na kila alfajiri nilivipangua kabla mama mwenye nyumba hajaingia jikoni kuuliza sufuria liko wapi. Miezi 14. Liliporomoka mara moja tu. Taa ya korido ikawaka, mama mwenye nyumba akauliza kuna nini, nikajibu panya. Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha maji mkononi. Akasema, "Huyu msichana ana fujo." Basi.

Kwa hiyo Amna anapolala kwenye nyumba ya mhandisi, mimi situlii. Natazama milango. Barakat naye anatazama milango, ndipo nilipojua kwamba huyu mwanamume alifanya kazi yake kwa makini. Na Ahmed Mazhar, anayemcheza mhandisi, hakumfanya jitu la kutisha. Mazhar alikuwa ofisa wa jeshi la wapanda farasi kabla ya sinema, ana mwendo wa mtu aliyezoea kupigiwa saluti, mzuri, msafi, ana adabu mezani. Ndivyo walivyo. Yule wa Dar alikuwa akinipa pole nikibeba ndoo.

Nyumba ya pili kutoka ile yetu kulikuwa na dada mwingine wa kazi, rika langu, wa kutoka bara. Tulikuwa tunaonana kwenye kutupa taka na kuchota maji siku ambazo bomba linakatika. Alikuwa anapenda kusuka, alinisuka twende kilioni mara mbili tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyuma. Siku moja hakuja kutupa taka. Wakasema karudishwa kwao, ana ujauzito. Baada ya miezi kama mitano bosi wake alikuwa anaongea na mama yetu sebuleni, mimi napitisha juisi, nikasikia kwamba yule binti amefariki huko kwao. Malaria imempanda kichwani. Mama mwenye nyumba akasema maskini, Mungu amlaze pema, akachukua glasi yake kwenye trei yangu.

Sikuuliza kitu. Nilikuwa nimeshika trei.

Basi Bibi aliponitafsiria agizo la mjomba kwamba watu waambiwe Hanadi kaondoka na waba, nilianza kulia, na nililia vibaya. Bibi alisimamisha filamu. Nikamweleza kwa mara ya kwanza habari za yule wa nyumba ya pili, na za sufuria. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Alikuwa akiitwa nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Nilimtajia jina, na jina la baba yake, maana nilikuwa nalikumbuka, na Bibi akamsomea Fatiha pale pale kitandani kama mtu wa kwao.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Mwuaji wa Hanadi ni mjomba. Kwenye riwaya anaitwa Nasser. Kwenye filamu ya 1959 wakamwita Gaber, na kwa kuwa rais wa nchi mwaka huo alikuwa Gamal Abdel Nasser, mtu haoni ajabu. Kisu kilikuwa mkononi mwa Gaber. Amna alikiona. Mbona basi anakwenda kumwinda mhandisi?

Zamani nilidhani ni udhaifu wa kisa. Nilikuwa nasema kwamba wanaume wawili waliotunga, mmoja kwa kalamu na mmoja kwa kamera, waliona haya kumsimamisha msichana mbele ya mjomba wake. Siku hizi naona vingine. Amna analipiza pale mkono wake unapofika. Mjomba yuko ndani ya ukoo, ana bunduki, ana wanaume wenzake, ana desturi nyuma yake. Sheria nayo inajulikana imekaa upande gani: kifungu cha 237 cha sheria ya adhabu ya Misri ya 1937 kinampunguzia adhabu mume anayemuua mkewe aliyemfumania, na mjomba, hata kama kifungu hicho hakimtaji, anaishi kwenye nchi inayofikiri hivyo. Mhandisi je? Mhandisi anahitaji mtu wa kumpikia. Mlango wake uko wazi kwa mtumishi. Mnyonge hachagui adui anayestahili zaidi, anachagua adui ambaye chai yake inapita mikononi mwake.

Kuna na mama. Amina Rizk ndiye aliyemcheza, na Amina Rizk amecheza mama nyingi mno kwenye sinema ya Misri hata watu wakamwona kama mama wa nchi. Hapa amebeba jukumu zito kuliko yote niliyomwona nalo. Alimtoa binti mjini kumwokoa, akamkabidhi kwa mwuaji. Nimejaribu kumchukia, sijaweza. Uso wake usiku ule ni uso wa mtu aliyejua tangu walipoondoka na akawa anajidanganya kila hatua ya ngamia. Bibi hakumsamehe. Alisema, "Angelala juu yake. Mama unalala juu ya mwanao, auawe mtu akiuawa." Tulibishana juu ya mama huyo mpaka adhuhuri, na nilikuwa namtetea kwa nguvu nikijua kabisa kwamba namtetea mama yangu mimi, aliyenipandisha basi la Dar huku akijua habari za nyumba za watu.

Tulibishana tena juu ya mapenzi. Maana Amna anampenda mhandisi. Filamu inakwenda huko taratibu, chuki inaanza kuyeyuka bila yeye kutaka, na mhandisi naye anabadilika, kile kilichoanza kama uchu kinakuwa kitu kingine, anataka kumwoa. Bibi aliliona jambo hilo kuwa kudura. Mimi lilinikera na linanikera bado. Namwelewa Faten anavyolicheza, anavyosimama mlangoni na uso umegawanyika, nusu unakwenda, nusu unabaki. Hakuna mwigizaji ninayemjua ambaye angeweza kulibeba bila kutuchefua. Lakini mwili wa dada yake uko uwandani. Kumpenda mtu yule ni kitu ambacho hadithi ilimtakia Amna, na sina hakika Amna alijitakia.

Mwisho wake ni huu, na asiyependa kuambiwa aruke aya hii. Mjomba anakuja na bunduki kummaliza Amna. Anafyatua. Mhandisi anajitupa mbele yake, risasi inampata yeye, anakufa. Ni mwisho mzuri wa sinema, ukumbi mzima utalia. Juu ya maiti inakuja sauti ya mwanamume mzee, Kiarabu cha vitabuni kilichonyooka, inauliza kama ndege huyu alikuwa akiurudisha mlio wake hivi hivi usiku ule Hanadi alipoangushwa katika uwanda ule mpana. Sauti hiyo ni ya Taha Hussein mwenyewe. Nilipojua, nilirudi nikasikiliza upya mara tatu.

Maneno hayo yako mwishoni mwa kitabu pia. Kitabu chenyewe nimekisoma, polepole, nikiwa na kamusi, miaka miwili baada ya kurudi kutoka Oman; kilinichukua Ramadhani nzima na nusu ya mfungo mosi. Humo mhandisi hafi. Amna anamwambia yeye ni nani, na dada yake alikuwa nani. Mtu huyo anaambiwa uso kwa uso, na wote wawili wanabaki wamekaa na neno hilo chumbani, hakuna bunduki ya kuwatoa, na ndege nje analia. Mimi naupenda mwisho huo kuliko wa filamu. Risasi ilimfanya mhandisi kuwa shujaa, ikamlipia deni kwa sekunde moja. Wa kitabuni itambidi aamke kesho yake asubuhi, na kesho kutwa, aletewe chai na mdogo wake Hanadi.

Hata hivyo siwezi kumlaumu sana Barakat. Mwaka 1959 alimweka mtumishi wa ndani katikati ya skrini na kuifanya nchi nzima imwogopee. Filamu ikapelekwa kwenye tamasha la filamu la Berlin mwaka uliofuata. Mwaka 1965 yeye na Faten wakatoa nyingine, Al-Haram, ya mwanamke kibarua wa mashambani, ikafika Cannes. Na 1975, kwa mwongozaji mwingine, Faten akacheza mke anayetafuta talaka mahakamani kwenye Uridu Hallan, filamu inayotajwa mpaka leo sheria za ndoa za Misri zikizungumzwa. Alifariki Januari 2015. Bibi alinipigia simu siku ile akilia, akanipa pole kana kwamba mimi ndiye mfiwa, nami nikampa pole yeye.

Sasa niko Pangani. Nina duka dogo la vyombo, na ndiyo, nauza masufuria. Bibi hatoki tena kitandani, lakini simu anaiweza. Mwezi uliopita, mwezi ukiwa mpevu, nilisikia chekeamwezi upande wa mto, wawili wanapokezana. Nikatoka na khanga begani mpaka karibu na mikoko, nikanyosha simu juu nikarekodi, nikamtumia. Sekunde 40.

Asubuhi nikakuta ujumbe wake wa sauti. Alikuwa amechoka, pumzi fupi, lakini alikuwa anagomba. Kwamba nimekata mapema, kwamba naonekana nilikuwa natembea maana majani yanasikika, na kwamba mwanzoni nimekohoa. "Rekodi tena mwanangu. Kaa kitako, unyamaze, umwache aseme mpaka amalize."

Leo usiku natoka tena. Nimeshaiweka simu kwenye chaji.